Jumapili Zetu za Njia ya Tunguu

Baiskeli yangu ya kwanza niliipata nikiwa na miaka ishirini na mbili, na aliyenifundisha kuipanda ni mtu ambaye baadaye nilimwacha asimame nje ya mlango wa msiba wangu. Nimelitanguliza hilo kusudi. Nikianza na upepo wa Tunguu na harufu ya karafuu za Koani nitajisahau, nitasimulia ujana wangu kama watu wanavyosimulia wa kwao, na mimi sina haki hiyo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzoni mwanzoni, siasa haijatuingia majumbani. Mimi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa, si mbali na soko la Darajani. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya kasha la herufi za risasi tangu asubuhi mpaka alasiri, nikiokota herufi moja moja na kuzipanga kinyume ili zikipigwa chapa zisomeke sawa. Tukichapa kadi za harusi, vibandiko vya chupa za dawa, matangazo ya senema, na gazeti moja dogo la kila wiki.

Rafiki yangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na kibaraza chake Mchangani, cherehani moja ya miguu, na ukanda wa kupimia ambao hauondoki shingoni hata anapokwenda kusali. Alinizidi miaka mitatu. Tulijuana aliponishonea kanzu ya kwanza niliyoinunua kwa mshahara wangu mwenyewe. Siku ya kwenda kuichukua akakataa kunipa, ati mshono mmoja wa begani haujamridhisha. Nikakasirika, nikamwambia watu wananingoja.

"Kasirika leo, bwana," akanijibu, "mwaka kesho utanishukuru."

Tukawa marafiki siku hiyo hiyo.

Baiskeli alinifundishia uwanjani Mnazi Mmoja, jioni baada ya kazi. Akikimbia nyuma yangu ameshika keria, kanzu kaikunja kiunoni, anapiga kelele, "Usilitazame gurudumu! Tazama mbele! Ukilitazama litakuangusha!" Nikaanguka mara nyingi, na watu waliokuwa wakipunga upepo wakanicheka. Siku ya tatu nikageuka kumwambia jambo, nikamwona yuko mbali kabisa, amesimama mikono kiunoni. Alikuwa ameshaniachia zamani.

Basi tangu hapo kila Jumapili, kiwanda kimefungwa na yeye hana mteja wa haraka, tukizunguka. Njia yetu ilikuwa moja. Tukitoka baada ya sala ya alfajiri, mimi kutoka Mkunazini na yeye kutoka kwake, tukikutana Darajani. Mji wenyewe hatukuupanda sana, maana vichochoro vyake si vya baiskeli. Kila kona upige kengele, na kila kona kuna bibi wa kukwambia umemtisha roho yake. Tukishavuka Ng'ambo ndipo tunakaa kitini vizuri. Tunashika njia ya Mwera, tunapishana na gari za ng'ombe zinazoleta nazi na ndizi sokoni, wenye magari wamelala juu ya mizigo na ng'ombe wanaijua njia wenyewe. Mtoni Mwera tunanawa uso. Kutoka pale kuna mwinuko wa kwenda Koani ambao mimi nilikuwa nashuka na kusukuma, na yeye hakushuka hata siku moja; akiupanda amesimama juu ya pedali, anayumba huku na huku, na akifika juu ananingoja huku amejifanya anatazama mikarafuu.

Koani palikuwa na mkahawa wa makuti, chai ya tangawizi na mkate wa ufuta. Halafu tunakata kulia kwenda Jumbi, kwa shangazi yake, mjane aliyekaa peke yake na kuku wake na kishamba cha muhogo. Baada ya Jumbi ndiyo Tunguu, na hapo nchi inageuka. Udongo mwekundu unakwisha, mawe yanachomoza, miti inakuwa mifupi, na upepo wa upande wa mashariki unakupiga kifuani hata ukiwa unateremka lazima ukanyage pedali. Ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo tuliyoipenda. Kisha Fuoni, kisha tunarudi mjini kwa njia ya Mwanakwerekwe, adhuhuri haijaadhiniwa.

Kwenye njia ya Tunguu ndipo tulipokuwa tunaambiana mambo. Labda kwa sababu ya upepo. Mtu anasema jambo lake na nusu yake inachukuliwa. Pale ndipo aliponambia kwamba mkewe, mwanamke wa Tanga, kaharibu mimba mara mbili, na kwamba siku nyingine anabaki kwenye cherehani hana kazi yoyote, anaogopa kwenda nyumbani kumkuta analia. Pale ndipo nilipomwambia kuwa sikuacha shule kwa sababu ya kifo cha baba, kama nilivyokuwa nikiwaambia watu. Nilishindwa mtihani. Akakanyaga kidogo, kisha akasema, "Mimi hata huo wa kushindwa sikuufikia." Tukacheka sana.

Mama yangu alimpenda kuliko nilivyotaka ampende. Kila Jumapili akitufungia mkate wa kumimina katika kitambaa, kipande changu na kipande chake, na chake kikiwa kikubwa zaidi.

"Yeye ana mke wa kumlisha," nikalalamika siku moja.

"Na wewe una mama," akanijibu. "Peleka."

Siasa ilipokuja haikuja kwa kishindo. Ilianza kama mzaha wa kwenye mabaraza, watu wakitaniana kama wanavyotaniana wa timu mbili za mpira. Vyama vilikuwa vingi kidogo, lakini viwili ndivyo vilivyowagawa watu, na sisi tukajikuta kila mmoja upande wake. Sitaki kujifanya nilikichagua changu kwa kukifikiri. Tajiri wa kiwanda alikuwa wa chama hicho, gazeti letu likawa la chama hicho, na mimi nikawa. Yeye alikuwa wa kile kingine, maana mtaa wake mzima ulikuwa huko, na ndiye aliyewashonea bendera. Babu yake alikuja Unguja na chombo, na babu yangu alikuja na chombo, kila mmoja kutoka upande wake; miaka yote hiyo hakuna aliyetuuliza. Sasa watu wakaanza kuulizana, chombo gani?

Halafu mzaha ukakwisha. Watu wa upande huu wakaacha kununua kwenye maduka ya upande ule. Mtu akingoja basi anatazama kwanza dereva ni wa chama gani, na likiwa si la kwao bora aende kwa miguu. Wenye mashamba wakawatoa waliolima kwao miaka na miaka. Ndoa zikavunjika, watu wakaacha kuzikana. Ninaposema kuacha kuzikana, sisemi kwa mfano.

Mimi na yeye tuliwekeana sharti. Tulikuwa tunanawa uso Mwera, akasema, "Swahiba, tukishavuka mto huu hakuna siasa mpaka turudi Darajani. Sawa?"

"Sawa," nikasema.

Sharti likashika miezi kadhaa, na mimi nikajiona mtu bora kuliko wenzangu kwa sababu yake.

Jumapili moja tukafika Koani tukakuta mwenye mkahawa ametundika ukutani picha ya kiongozi wa chama changu, imefungwa utepe. Tukakaa. Ndani mlikuwa na watu watano sita, na mmoja nikamwona anamnong'oneza mwenye mkahawa huku anamtazama mwenzangu. Tukaagiza kama siku zote. Kikaja kikombe kimoja, kikawekwa mbele yangu.

"Na mwenzangu?" nikauliza.

"Chai imekwisha."

Birika lilikuwa jikoni nyuma yake, mvuke unatoka.

Rafiki yangu akasema kwa upole, "Mbona nalisikia linatokota, bwana?"

"Maji ya kuoshea vyombo hayo. Washona bendera wanywe kwao."

Watu wakacheka. Rafiki yangu akanitazama. Hakuwa na hasira, na hakuwa ananiomba kitu. Alinitazama tu, kama anayengoja mtu amalize sentensi yake. Mimi nikakitazama kikombe. Basi akainuka.

"Kunywa, swahiba, itapoa," akasema. "Mie natazama mpira wangu wa nyuma."

Nikanywa. Chai ilikuwa ya moto na ilinichukua muda, na muda wote huo nikimsikia nje anapiga pampu mpira ambao haukuwa na kasoro yoyote. Mkate wa ufuta pia niliula. Nimewahi kulisimulia jambo hili kwa kusema kwamba niliiacha chai mezani. Si kweli. Niliimaliza.

Tukaenda Jumbi. Shangazi yake alikuwa mlangoni. Siku zote akitutandikia mkeka nje, lakini siku hiyo nilipomwambia "Shikamoo, Shangazi," akajibu "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ya chini na kunivuta mkono.

"Pita ndani, pita upesi."

Akanipeleka mpaka jikoni, akachota maji mtungini, akanipa kata. Jumbi pale alipokaa karibu wote walikuwa wa upande wa akina mpwa wake, na walishajua mimi ni nani, maana mjini na shamba hapakuwa mbali tena.

"Wamenambia," akasema, "nikimpa maji mtu wa upande ule nisiteke tena kisimani kwao. Kunywa, baba. Lakini usitoke na kata mkononi."

Nikanywa nimesimama nyuma ya mlango. Rafiki yangu alikuwa kizingitini, anasikia yote.

Tulipofika kwenye mawe ya Tunguu akasimama. Hakuwa amewahi kusimama sehemu ile.

"Umemwona shangazi yangu?" akasema. "Mjane. Kisima kile ndicho tegemeo lake. Na kakupa maji."

"Namshukuru."

"Na wewe umekunywa chai."

"Ulitaka niimwage?"

"Nilitaka usimame. Basi. Usimame tu, tutoke sote. Hata neno sikutaka useme."

Angenitukana ningeweza kuvumilia. Aibu ilinipanda nikawa kama mtu aliyebanwa kidole. Nikamwambia kama ni ubaya hata wao wanao, mbona watu wetu wamefungiwa mabasi, mbona yeye kakaa kitako kuwashonea bendera za kuwatishia wenziwe?

"Bendera kitambaa," akasema. "Ile makala ya Ijumaa, iliyotwita wakuja, nani kaipanga?"

"Mimi napanga ninachopewa."

"Wakuja. Neno lina herufi sita," akasema. "Uliziokota moja moja."

Akapanda baiskeli yake. Mpaka Fuoni alikuwa mbele yangu kiasi cha kuweza kumwita, na sikumwita. Mjini tukaachana kwa kupungiana mkono, kama watu waliokutana njiani.

Tulizunguka tena Jumapili tatu au nne baada ya hapo. Koani hatukusimama, na Jumbi alikwenda peke yake, mimi nikimngoja chini kwenye njia panda. Tukizungumza habari za mvua na bei ya nazi. Kisha Ramadhani ikaingia, na hakuna apandaye mwinuko wa Koani na saumu. Tukaachia hapo, na wala hakuna aliyesema tunaacha.

Mwisho wa mfungo katibu wa tawi letu akapita kiwandani. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye sauti ya kuongoza maulidi, na watu walimpenda. Akaniuliza nguo zangu za sikukuu nampa fundi gani. Kabla sijajibu akanitajia fundi wa kwetu, Malindi, akanambia hivi sasa watu wanatazamana, na mfanyakazi wa gazeti la chama hatarajiwi kuvaa kanzu iliyoshonwa na adui. Neno alilotumia ni hilo, adui. Mimi nikasema sawa. Nikachukua kitambaa changu, nikapita uchochoroni kwa nyuma ili nisipite Mchangani, nikakipeleka Malindi.

Siku ya Idd tukakutana Mnazi Mmoja, katikati ya watu, yeye na mkewe. Akanipa mkono, tukaombeana heri ya sikukuu. Halafu akaushika ukosi wa kanzu yangu kwa vidole viwili, akautazama, akaugeuza kidogo. Hakuniuliza nani kashona. Fundi haulizi.

"Kazi nzuri," akasema. "Kwapani tu kakosea. Ukinyanyua mkono itakubana."

Mkewe akaniuliza hali ya mama. Nikasema hajambo. Wakaenda zao. Kanzu ilikuwa imenibana tangu asubuhi, kwenye sala, kila takbira.

Mama hakuwa hajambo. Moyo wake ulikuwa umeanza kumchosha, miguu inavimba, ngazi za nyumba yetu hazipandi tena. Na Jumapili akikata mkate vipande viwili.

"Fundi wangu mbona haji?" akiniuliza.

"Ana kazi nyingi, Mama."

"Hata ya kuja kuniamkia hana nafasi? Umemfanya nini?"

"Sikumfanya kitu."

Wiki zake za mwisho alikuwa haamki kitandani. Siku moja akanambia waziwazi, "Mwite. Nataka kumwona." Nikamwambia nitamwita. Kutoka kwetu mpaka kibarazani kwake ni mwendo wa dakika kumi, kwa baiskeli ni pumzi mbili. Nikasema kesho. Kesho nikasema kesho. Siku ya nne mama akafariki, kabla ya jua kuchomoza, na wala hakuniuliza tena.

Watu walikuja wengi. Watu wa chama walikuja zaidi, maana mfanyakazi wa gazeti lao kafiwa, na katibu wa tawi ndiye aliyesimamia kila kitu, sanda, jeneza, mpaka viti vya kuazima. Nilimshukuru siku ile, na kwa hayo nastahili kumshukuru hata leo. Alisimama mlangoni na vijana wawili, anawapokea watu. Mimi nilikuwa nimekaa ukumbini, juu ya mkeka, kama hatua kumi kutoka mlangoni, na mlango uko wazi.

Rafiki yangu akaja saa tatu. Kavaa kanzu nyeupe na kofia, na kwa mara ya kwanza ukanda wake wa kupimia haukuwa shingoni.

Katibu akanyoosha mkono kumzuia. "Wewe unakwenda wapi?"

"Nimekuja kumzika mama yangu."

"Mama yako? Wiki iliyopita nyinyi mmewarudisha watu wetu kwenye maziko Kikwajuni. Wazee wazima, mmewafungia mlango. Leo ndo mmekumbuka kuzika?"

"Mimi sikuwako Kikwajuni."

"Wenzio walikuwako."

Rafiki yangu akatazama ndani, juu ya bega la katibu, akaniona.

"Mwulizeni mwenye nyumba," akasema. "Akisema niondoke naondoka."

Wote wakanigeukia. Naukumbuka mkeka ule, ukili wake ulivyoshonwa, mahali ulipoachia. Niliuinamia. Hakuna aliyenilazimisha kusema, na sikusema, na kunyamaza kwangu kukatosha. Nilipoinua uso mlangoni palikuwa na katibu na wale vijana wawili tu.

Jeneza likatoka. Yeye, nimekuja kuambiwa baadaye na mchimba kaburi, alilifuata kwa upande wa pili wa njia, akasimama nje ya makaburi mpaka tulipotawanyika sote. Kisha akaingia, akaomba dua, akashika mchanga kwa mikono miwili akauweka juu ya kaburi, akaondoka. Mchimba kaburi alidhani ni ndugu aliyechelewa kutoka shamba.

Baada ya arubaini nikaitoa baiskeli, nikaenda Jumbi peke yangu. Nilikuwa nimejidanganya kwamba shangazi yake atanisemea.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

Hakuongeza "mwanangu". Alikuwa anamenya muhogo nje, akanionyesha kigoda. Nikamwambia nimekuja anisaidie, aseme na mpwa wake.

"Nimwambie nini?"

Akaendelea kumenya.

"Siku ile nilikunywesha nyuma ya mlango," akasema. "Niliwaogopa majirani, na niliona haya siku nzima. Lakini nilikunywesha. Wewe ulikuwa umefiwa, mama yako amelala ndani. Nani angekugusa? Hao wenzako wasingethubutu. Ungesema 'Mwacheni', neno moja, wangemwacha."

"Najua, Shangazi."

"Basi nenda mwenyewe. Mimi si tarishi wa aibu ya mtu."

Kesho yake alasiri nikaenda Mchangani. Alikuwa anashona sare za watoto wa shule, kaptula za kaki zimerundikana pembeni. Wateja wa upande wetu walikuwa wameshamkimbia wote, na kaptula zile, nadhani, ndizo zilizokuwa zikimlisha.

"Karibu, Bwana," akasema.

Miaka yote aliniita swahiba. Bwana ni neno la heshima, mtu hawezi kulilalamikia. Nikakaa kwenye benchi la wateja.

"Nimekuja kukutaka radhi," nikasema.

Miguu yake haikuacha kukanyaga. Akaumaliza mshono wake mpaka mwisho, akaugeuza, akautazama.

"Nshakusamehe zamani," akasema. "Mama alikuwa mtu mwema. Mungu amrehemu."

"Amin. Nilikuwa nasema, Jumapili hii..."

"Jumapili nna kazi."

"Hata ile nyingine..."

Akakata uzi kwa meno. "Baiskeli nshaiuza."

Akaja mwanamke mmoja kuuliza kaptula ya mwanawe, akamjibu, wakataniana kidogo, akacheka kicheko chake kile kile ninachokijua. Mwanamke alipoondoka na kicheko kikaondoka.

"Kuna jingine, Bwana?" akaniuliza.

Nikasema hakuna.

Uchaguzi wa vyama ulipopita mambo hayakutulia kama tulivyoahidiwa; yalizidi. Siku moja nikapita Mchangani, sasa nilikuwa napita makusudi, nikakuta kibarazani pake anakaa muuza mikeka. Nikamuuliza muuza kahawa wa jirani. Akanambia fundi kahama na mkewe, wamekwenda Tanga kwa wakwe zake, wiki ya tatu hiyo. Wiki tatu, katika mji ambao mtu akipiga chafya Malindi anaombewa afya Shangani, na hakuna aliyeona haja ya kunambia mimi. Niliandika barua, nikaipa anwani ya msikiti wa mtaa wa wakwe zake, kwa kuwa nyingine sikuwa nayo. Kama ilifika sijui. Jibu sikupata.

Haukupita muda mrefu wakubwa wa vyama wakapatana kwa muda. Walipanda jukwaa moja, wakashikana mikono, tukaambiwa sote ni ndugu, tuuziane na tuzikane. Gazeti letu likaitoa habari ile ukurasa wa mbele, na mimi ndiye niliyeipanga herufi zake. Mikahawa ikawapa chai watu wote, kama kwamba haijawahi kuwanyima.

Baiskeli yangu niliendelea nayo miaka mingi, ya kwenda kazini na kurudi. Mara mbili nilijaribu kuzunguka peke yangu siku ya Jumapili. Mara ya kwanza mvua ilinirudisha Mwera. Mara ya pili hakukuwa na mvua, niliona tu sina la kufuata huko.

Wakati ule wa kupatana nilimkuta katibu wa tawi Darajani. Alikuwa anakunywa kahawa na mzee mmoja wa upande wa pili, wanacheka, wameshikana mikono kama marafiki wa utotoni. Akaniita, akanikalisha, akaniuliza habari za kiwanda. Kisha akasema, "Bwana we, siku hizi sikuoni na yule rafiki yako, yule fundi. Mlikuwa hamwachani na baiskeli zenu."

Nikamtazama usoni. Nilitafuta kejeli, au haya, au hata kujikaza. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amesahau kweli.

"Kahamia Tanga," nikasema.

"Lo! Kwa nini? Alikuwa fundi mzuri yule."

Nilikuwa na jibu la kumpa, na mzee wa watu alikuwa amekaa pale ananisikiliza. Nikamwambia mkewe ni mtu wa Tanga, basi wameona waende wakakae karibu na wazee. Akasema vizuri, wazee ni kuwaangalia. Na kila aliyeniuliza baada yake, miaka yote, nimemjibu hivyo hivyo.